Muulize Shangazi: Albadiri ni Ijumaa, tumbo limeanza Jumatatu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 16, kidato cha tatu. Mwezi uliopita nilichukua shilingi 80,000 za kikoba ambazo mama alizifunga ndani ya kitenge, chini kabisa ya kabati. Nia ilikuwa niweke mkeka wa mechi tano, nikishinda nirudishe kabla hajaamka. Mechi nne zikakubali, ya tano ikachana mkeka dakika za nyongeza. Mama akamshuku dada wa kazi, akamfukuza bila mshahara, naye amerudi kwao Kondoa. Kwa kuwa dada alikana hadi anapanda basi, mama anasema Ijumaa isomwe albadiri ukweli ujulikane. Tangu nisikie hivyo tumbo linajaa na usiku sipati usingizi. Rafiki yangu ananishauri nitoe sadaka msikitini kidogo kidogo hadi ifike 80,000, dhambi itafutika. Je, nikiri au nikaushe?*
*Mwenye Tumbo, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Tuanze na tumbo, maana ndilo lililokushikisha kalamu. Kisomo bado hakijasomwa, ubani haujanunuliwa, na wewe umeshavimba. Shangazi si daktari, lakini mtu asiyelala, anayeshindia mihogo ya kukaanga na pilipili huku akihesabu siku, atajaa gesi hata kama sheikh yuko safarini Tanga. Masheikh wenyewe hawakubaliani juu ya kisomo hiki. Wapo wanaokiona ni kuomba dua kwa kuwataja watu wa Badri, wale 313 wa vita vya mwaka 624, na wapo wanaosema ni jambo lisilo na msingi. Wasichobishania ni kwamba tangazo lina nguvu zake. Mitaa yetu mingi imeshashuhudia simu na cherehani zikirudi zenyewe usiku, zikawekwa barazani kimya kimya, kabla sheikh hajavaa viatu.

Kwa hiyo ulichonacho ni woga. Ungekuwa uchungu wa dhambi, ungeanza ile siku binti wa watu anafunga begi. Siku hiyo, kwa maelezo yako, ulilala vizuri tu.

Sasa hilo la sadaka. Huyo rafiki yako atafaa sana kwenye siasa. Mwanangu, msikiti hukuuibia. Waulize walimu wa dini watakwambia: toba ni kuacha kosa, kujuta na kuazimia kutorudia, na kama kuna haki ya mtu ndani yake, haki hiyo irudi kwa mwenyewe. Hata ungekuwa Mkristo ukaenda kwa padri, siri yako asingeitoa kwa yeyote, lakini angekuuliza hela ya watu inarudi lini.

Hapa nitakushangaza. Kama ingekuwa ni hela tu, Shangazi angekuruhusu unyamaze. Ndiyo. Ungefanya kibarua cha kubeba tofali likizo nzima, ukazirudisha msimbazi nane ndani ya kitenge kilekile, mama akadhani alihesabu vibaya, Mungu akakusitiri, na mimi nikaenda kupika. Wapo wanazuoni wanaoruhusu haki irudi kimya kimya iwapo kujitangaza kutaleta balaa kubwa zaidi. Kwa njia hiyo mama zetu wasingepandwa na shinikizo la damu, na nyumba zingepumua.

Ila wewe hukuiba hela peke yake. Yule binti umemchukulia kazi, mshahara na jina. Jina halirudishiki kwa kuliweka ndani ya kitenge. Kuna watu kule kwao wameambiwa kwa simu kwamba ni mwizi, na dalali aliyemleta mjini hatampeleka nyumba nyingine. Kwake lazima useme, na useme kwa sauti.

Usidhani wewe ni wa kwanza. Mwaka 1728 mjini Turin, Italia, kijana wa rika lako aitwaye Jean-Jacques Rousseau aliiba utepe kwenye nyumba aliyokuwa mtumishi. Alipobanwa akamsingizia Marion, binti mpishi. Wote wawili wakafukuzwa. Yeye baadaye akawa mwanafalsafa mkubwa wa Ulaya, na kisa hicho akakieleza ndani ya kitabu kizima cha kuungama, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1782, yeye akiwa ameshakufa. Wapo wasomi ambao hadi leo wanamsifu kwa ukweli wake. Marion je? Rousseau mwenyewe aliandika kwamba hakujua binti yule aliishia wapi. Kukiri kwa namna hiyo kulimsaidia mwandishi na wachapaji. Wewe usingoje uwe mwanafalsafa. Kondoa basi linakwenda kila siku.

Namna ya kusema. Usianze wakati mama anahesabu hela, wala kabla hajala. Ngoja baada ya isha, vyombo vimeshaoshwa, na uvioshe wewe, maana aliyekuwa anaviosha umemfukuzisha. Kaa chini. Sentensi ya kwanza iwe: "Mama, hela ya kikoba niliichukua mimi." Usianze na "unajua mama, shetani." Shetani hakuwa na simu ya kuwekea mkeka. Wala wewe hukustahili kuweka, kwa sheria ni miaka 18, kwa hiyo kuna mtu mzima aliyekuazima namba yake, na huyo naye umtaje. Taja kiasi chote. Watoto wengi hukiri nusu, halafu nusu iliyobaki ndiyo inayowaumbua.

Atakupiga? Huenda. Atalia? Hakika. Atakusamehe usiku huohuo? Usimdai msamaha, mdai namba ya Kondoa. Apigiwe binti, simu iwekwe sauti kubwa, na wawepo wale majirani waliokuwepo siku anatukanwa. Mshahara wake utumwe kabla ya deni la kikoba, kwa sababu wanakikoba watakula leo na yeye hatujui.

Jambo la mwisho. Mama yako anasoma gazeti hili. Najua, barua yake ninayo mezani. Kwa kawaida akina mama huanza na matangazo ya vifo, wakapitia bei za vyakula, ndipo wanifikie mimi. Una kama hadi saa mbili usiku.

*Habari Shangazi. Dada wa kazi ameniibia 80,000 za kikoba kabatini. Natafuta sheikh wa albadiri mwenye bei nafuu. Je, ikisomwa Mbagala itamfikia Kondoa?*
*Mama Kitenge*

Dada yangu, sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, hata kama wote ni walokole. Waliobuni utaratibu huo walitujua. Wewe ukazitoa hela za wenzio kwenye ulinzi wa watu watatu, ukazikabidhi kwa kitenge. Hilo mtaongea kikaoni, na faini uandae.

Kuhusu umbali, weka hela ya sheikh pembeni. Hukusema kama ulimuuliza kila mtu wa nyumbani au yule tu usiyemzaa. Uliza sebuleni kwanza.

*Shangazi, nikichukua hela kidogo kwenye pochi ya mke wangu bila kumwambia, ni wizi? Maana mahari nilitoa mimi.*
*Baba Mwenye Nyumba, Morogoro*

Ni wizi. Mahari yalikuwa yake tangu siku ulipoyatoa, hukuyaweka akiba. Rudisha leo, na chenji ya soda usiisahau.