Majibu ya Bwana Mshauri: Kigegezi Garini

*Bwana Mshauri, nilikwenda harusini Lushoto kwa basi, nimevaa kanzu mpya. Tulipoiacha Mombo na kuanza kukwea milima, kijana wa kando yangu akanitapikia mapajani, ilhali bibi wa dirishani, aliyekwisha kulifunga dirisha kwa kuchelea vumbi, akimenya mayai ya Korogwe. Je, nimdai kijana ujira wa dobi? – Mwenye Kanzu, Tanga*

Pole, ndugu yangu, ingawa sidhani kama yuko kadhi atakayelikubali dai lako. Kwa maana katika kilomita zile zipatazo 33 za kutoka Mombo hadi Lushoto, ambazo ni nadra kunyoka, mtu aliyekaza macho kwenye mgongo wa kiti uliotulia tuli, hali sikio lake la ndani, ambalo ndilo mizani ya mwili, lashuhudia kwamba anazungushwa, aghalabu huchafukwa na moyo, awe hamali au sheikh mwenye kilemba. Kama ni insafu, mdaiwa wako ni yule bibi wa mayai. Siku nyingine, umwonapo jirani anameza mate mfululizo, jasho jembamba limemtoka juu ya mdomo, na hadithi aliyoianza kwa mbwembwe imemkatikia njiani, usingoje ushahidi zaidi: mpishe dirishani, lifungue, mwambie atazame mbali mbele, nawe ukunje kanzu.

*Mimi ni kondakta. Nilikuwa nikigawa vifuko vyeusi, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Abiria wananitukana. – Mwenye Dhiki, Arusha*

Serikali ilipiga marufuku mfuko. Kopo lenye kifuniko haikuligusa. Ukigawa mfuko wa karatasi, tia gazeti la jana ndani yake, maana hulowa kabla mwenyewe hajamaliza shughuli. Fauka ya hayo, weka ndoo ya majivu au mchanga mkavu mlangoni, uyanyunyizie matapishi upesi, wala usiyamwagie maji, ambayo mlimani huyafikisha kwa abiria wa nyuma kabla ya salamu zako. Na wenye kigegezi uwaketishe mbele. Kuwarundika juu ya gurudumu la nyuma, eti wasionekane, ni dhuluma.

*Je, nikisafiri na njaa nitasalimika? – Mwanafunzi*

La, utatapika nyongo. Kula mkate mkavu, unywe chai ya tangawizi isiyo na maziwa, na kitabu ukifungue ukifika.