Ampea Mia Moja Kutoka Grogan

Gari likizeeka Nairobi, kila mwenye leseni huwa daktari wake. Langu ni Corolla, ile tunayoiita mia na kumi, ya mwaka 1998. Nambari zake bado zinaanza na KA wakati majirani zangu wa Uthiru wameshafika KD. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: likisimama kwenye foleni usiku, taa zinafifia. Washa waipa, redio inajipunguza sauti. Ongeza feni ya kuondoa ukungu kiooni, indiketa inaanza kupepesa polepole kama mzee anayepigana na usingizi kanisani. Mvua za Aprili kwenye Waiyaki Way zilinilazimu kuchagua kati ya kuona, kuonekana na kusikia taarifa ya habari.

Jirani wa ghorofa ya juu alisema ni betri. Shemeji alisema ni plagi. Kwa shemeji kila kitu ni plagi. Mlinzi wa ploti, ambaye hana gari na hajawahi kulitamani, alisema ni alteneta, na yeye ndiye aliyepatia.

Alteneta huzungushwa na injini kwa mkanda. Injini ikinguruma taratibu, umeme nao hutoka kidogo, hata kama kibandiko kinajigamba kwa ampea 70. Na safari zetu sisi watu wa magharibi mwa jiji ni za kunguruma taratibu. Tangu barabara ya kulipia ifunguliwe mwaka 2022, wenye pesa hupita juu kwa kasi hadi Westlands, wakateremka karibu na James Gichuru na haraka yao yote, kisha wakaja kusimama nasi kwenye foleni ya Kangemi bila kurudishiwa hata shilingi. Sasa taa mbili kubwa peke yake hula kama ampea 9. Weka feni ya rejeta, waipa, kioo cha nyuma na simu za abiria, betri inaanza kulipa deni ambalo si lake.

Dawa ilikuwa alteneta kubwa zaidi, ya mtumba. Yaani Grogan, mtaa wa vipuri.

Barabara yenyewe rasmi ni Kirinyaga, ila jina la mlowezi Ewart Grogan limekataa kuhama. Bwana huyo anasifika kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo, safari aliyoimaliza mwaka 1900 ili aonekane anafaa kumwoa mpenzi wake. Simsifu, mwaka 1907 aliwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama hapa Nairobi. Lakini naona kuna haki fulani mtu aliyejulikana kwa kwenda kwa miguu kuachiwa mtaa wa watu ambao magari yao yamegoma.

Kabla sijazima injini, dalali alikuwa ameshika mlango. "Mkubwa, unatafuta nini? Alteneta? Iko!" Akaniketisha juu ya debe la oili, akatoweka kati ya vibanda, akarudi anatokwa na jasho, amebeba alteneta ambayo muda mfupi uliopita ilikuwa mali ya mtu mwingine. Mgongoni ilikuwa na kidude kilichochomoza.

"Na hiki?"

"Hiyo ni bonasi, mkubwa."

Fundi wangu, niliyekuja naye, alicheka hadi akaegemea boneti. Ilikuwa pampu ya vakyumu ya breki, ya gari la dizeli. Bonasi ikarudi ilikotoka. Ya pili ilikuwa ya petroli, ampea 100. "Imetoka Japani moja kwa moja," dalali aliapa, "haijaguswa na fundi wa Kenya." Fundi akakohoa. Dalali akazungusha puli kwa kidole na kunisogezea sikioni nisikie. Nikasikiliza kwa uso wa mtu anayejua anachosikiliza. Kutoka shilingi 15,000 tulishuka hadi 7,000, tukaachana kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Kuifunga, pale gereji ya chini ya mti Kawangware, kulichukua mchana kutwa. Masikio yake hayakulingana na boliti, yakawekewa vipande vya chuma. Puli ilikuwa na mifereji mingi kuliko mkanda, ikabadilishwa. Soketi ya zamani ilikuwa ya mraba na mpya ya yai, basi fundi akakata, akasokota, akafunga tepu. Nikauliza kuhusu waya wa kwenda kwenye betri, kama utabeba mzigo mpya. "Mzee, huo umebeba tangu Japani."

Kisha akafanya jaribio ambalo mafundi wetu wanalipenda kuliko mishahara yao: injini ikinguruma, akachomoa kichwa cha betri ili nione gari halizimiki. Kweli halikuzimika. Ila betri ndiyo humeza mruko wa umeme wa ghafla, na ikiondolewa, mruko hutafuta pengine pa kwenda. Ulikwenda kwenye redio, ikanyamaza katikati ya matangazo ya vifo, na haijasema tena.

Usiku huo taa zilikuwa za ajabu. Matatu za Kangemi zilinipisha, nadhani zikidhani ni Prado.

Asubuhi, kimya. Ufunguo haukuamsha hata taa ya dashibodi. Majirani wakajitokeza wakiwa na kandambili na moyo safi, wakalisukuma gari hadi langoni, wakapumzika, wakalisukuma tena, hadi mlinzi alipouliza kama si otomatiki. Ni otomatiki. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, hata isukumwe na ploti nzima.

Ikawa kwamba waya unaostahili kupata umeme ufunguo ukizungushwa tu ulikuwa umesokotwa na ule wa moja kwa moja wa betri, hivyo alteneta ilikesha ikinywa. Fundi alitenganisha, na kwa kuwa ule waya wa tangu Japani ulikuwa umeanza kunuka, akaweka mnene. Sasa kilichobaki ni mkanda: unabeba mzigo usioujua, na kila alfajiri unapiga ukelele unaoamsha ghorofa zote. Shemeji anasema ni plagi.

Nilimpigia dalali kuulizia mkanda.

"Iko, mkubwa," alisema kabla sijataja saizi. "Na redio je?"

Redio sikuwa nimemwambia.