Foleni Iliyomeza Nyumba Nzima

Desemba ikifika, Moshi hubadilika. Wachagga walioko Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na kwingineko wanarudi kula Krismasi kihambani, kwenye shamba la ukoo, na kwa wiki mbili hivi hakuna jambo lisilo na foleni: benki, bucha, saluni, mashine ya kusaga, hata fundi wa kushona sare za kwaya. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hutoa vibali vya muda ili mabasi ya ziada yaingie njia ya kaskazini, na bado watu wanakosa viti. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam nayo, tangu iliporudi Moshi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya kimya, inaleta watu na maboksi yao.

Katika foleni zote hizo, ninayoiheshimu ni ya chipsi hapa kwetu Njoro. Mwenye njaa angeweza kununua andazi dukani kwa mangi, akanywa chai, akalala. Lakini watu wanasimama saa nzima mbele ya kabati la kioo, kwa hiari yao, wakiwa wamevaa makoti kwa sababu ya manyunyu. Usiku wa tarehe 23 Desemba nyumba yetu nzima ilisimama pamoja nao, mmoja baada ya mwingine, na haya ndiyo yaliyotupeleka.

Tulikuwa watu 14. Wifi yangu alikuwa amefika mchana kutoka Dar na mumewe na watoto wanne. Mama mkwe alishuka kutoka Kibosho kuwapokea, akaja na mikungu miwili ya mshare, kwa kuwa haamini kwamba ndizi za sokoni zinaweza kulisha mgeni. Asubuhi wote tungepanda kihambani. Usiku huo tungekula machalari, ndizi zilizopikwa na nyama mpaka mchuzi ukawa mzito, nami nilikuwa nimemenya mkungu mzima, nyama imeshaiva, sufuria kubwa imebandikwa.

Gesi ikaisha. Ndizi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kulainika. Gunia la mkaa lilikuwa limekaa chini ya bati linalovuja, nusu yake imeloa. Tukatoa sufuria nje, tukapanga mafiga matatu, tukawasha kuni zile kavu zilizokuwa stoo, na moto ukakubali. Hapo mpishi yeyote anajua kwamba usiku umeokoka.

Mbuzi wa Krismasi alikuwa amefungwa kwenye mparachichi. Baba watoto alimnunua mnadani Weruweru, beberu mwenye nguvu na macho makali. Watoto wa Dar wakamhurumia kwa kamba iliyomkaba shingo, wakailegeza kidogo apumue. Beberu hakuhitaji zaidi ya hapo. Alikimbia moja kwa moja kuelekea geti, akakuta geti limefungwa, akageuka, akapita katikati ya mafiga. Sufuria ikalala ubavu. Ndizi, nyama na mchuzi wote vikaenda kwenye matope, na moto ukazimika kwa mlio ambao watoto wote waliusikia wakanyamaza.

Mama mkwe alikaa akitazama yale matope kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa jirani nani anapika?"

Hapa jirani anapika kijana mmoja wa chipsi, na ni lazima nieleze anavyopika, maana bila hivyo hiyo foleni haieleweki. Viazi anavimenya mchana, anavikata kwa kisu, si kwa mashine, anaviloweka kwenye ndoo ya maji hadi jioni. Vinaingia kwenye karai mara ya kwanza mpaka viive bila kubadilika rangi, vinatolewa, vinapumzika kwenye kabati. Ukishaagiza ndipo vinarudi kwenye mafuta mara ya pili, na hapo ndipo vinapopata ule ukavu wa nje. Kama ni chipsi mayai, anapasua mayai mawili kwenye kikombe, anatia chumvi, anayakoroga na kijiko mpaka povu linasimama. Chipsi anazitandaza kwenye kikaango, anamimina yai kwa kuzungusha mkono kuanzia pembeni kuja katikati, halafu anatingisha kikaango mara moja. Hageuzi mpaka yai liachie lenyewe. Anafunika na sahani, anapindua, anarudisha upande wa pili. Kachumbari anaikata hapo hapo. Pilipili yake ni ya kupondwa, ina ndimu. Hakuuzii kilicholala, na hata watu wakijaa hadi barabarani hapiki sahani mbili kwenye kikaango kimoja. Foleni ni ndefu kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo haivunjiki.

Nikamtuma mwanangu wa darasa la sita na fedha mkononi: chipsi mayai kumi, chipsi kavu nne, mishikaki kadiri itakavyobaki. Nikahesabu kwamba atarudi kabla watoto wadogo hawajasinzia.

Hakurudi. Baba watoto akasema anaenda kumwangalia. Naye hakurudi. Wifi akavaa viatu, akasema kwao Dar mtu anaagiza kwa simu na pikipiki inaleta mlangoni, hivyo anakwenda kuona kuna nini cha kuchelewesha. Akapotea. Mumewe akamfuata na tochi. Wale watoto wakubwa wakamfuata baba yao. Nyumba ikabaki na mimi, mama mkwe, watoto waliolala kwenye kochi, na shangazi mmoja ambaye miguu yake haitaki matembezi. Mama mkwe akajifunga kanga ya pili kiunoni, akachukua fimbo. "Shangazi abaki na watoto. Twende," akasema. "Foleni naijua mimi."

Na kweli anaijua. Baada ya vita vya Kagera, miaka ya mwanzo ya 1980, alipanga foleni hapa Moshi kwa ajili ya sukari, sabuni, chumvi na ule unga wa manjano tulioita unga wa yanga. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, ukaja kufunguliwa 1983, na katikati ya miaka hiyo kopo la Kimbo lililovushwa kwa njia za panya za Rombo lilikuwa mali ya kufichwa uvunguni. Watu walifika dukani usiku. Aliyekuwa na mtoto mchanga au mgonjwa nyumbani aliacha jiwe, tofali au kikapu mahali pake, akarudi alfajiri. Tulipokuwa tunatembea gizani aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: jiwe lenyewe halikuwa na nguvu yoyote. Nguvu ilikuwa kwa aliye nyuma yako, kwa sababu yeye ndiye aliyelisogeza foleni iliposonga. Ukikuta jiwe lako limeachwa nyuma, ulijua una jirani wa namna gani.

Tulipofika tuliwakuta wote. Baba watoto alikuwa amekutana na mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, na mazungumzo yao yalikuwa yamewakusanya watu kama kumi kuwazunguka. Mwalimu huyo alisoma Moscow zamani, katika chuo kile kilichopewa jina la Patrice Lumumba, naye alikuwa anasimulia siku McDonald's ilipofungua mgahawa wake wa kwanza mjini humo, uwanja wa Pushkin, tarehe 31 Januari 1990. Watu zaidi ya 30,000 walihudumiwa siku ile moja, kwenye baridi ambayo manyunyu yetu ya Njoro hayawezi kuisogelea. "Walikuwa wamepanga foleni za mkate maisha yao yote," alisema mwalimu, "halafu wakajitakia wenyewe nyingine." Mama mkwe alimsikiliza kwa makini sana. Akaitikia kwa kichwa.

Wifi alikuwa ameshapata rafiki, dada mmoja wa Pasua anayekuja Njoro kwa miguu kila Jumamosi, akipita vibanda vitatu vya chipsi njiani bila kusimama. Alimuuliza kwa nini. Yule dada alijibu kwamba mwaka aliofiwa na mama yake alikuwa hawezi kupika wala kula, na huyu kijana alikuwa anamfungia chipsi kavu, anamwekea na kachumbari ya ziada, bila kumuuliza neno. Wifi aliacha kutazama simu yake kuanzia hapo.

Shida ilikuwa kwa mwanangu. Alikuwa amesimama pembeni, machozi yanamlengalenga. Mbele yake, mahali ambapo angekuwa yeye, alisimama kijana wa bodaboda aliyetoka kushusha abiria stendi, hajala tangu asubuhi. Mwanangu alikuwa ameombwa na mpishi akachote maji bombani, akaenda, akaacha ndala yake moja kushika nafasi. Bodaboda akasema ndala si mtu. Nyuma wengine wakasema ni kweli, wengine wakasema mtoto alitumwa kazi ya wote. Sauti zikaanza kupanda.

Mama mkwe alisogea mbele na fimbo yake. Vijana wakampisha, shikamoo zikamiminika. Hakumuuliza bodaboda wala mwanangu. Alimgeukia binti aliyekuwa nyuma.

"Mama, hii ndala uliikuta hapa ilipo?"

"Hapana, bibi. Ilikuwa kule kwenye nguzo. Nimekuwa naisogeza na mguu kila tukisonga."

"Basi mwenyewe yupo," mama mkwe akasema.

Bodaboda akatazama chini, akasema samahani bibi, akarudi nyuma hatua moja. Mwanangu akavaa ndala yake. Nilimtazama yule binti, ambaye hakuwa anatujua kabisa, nikaona kwamba kuna heshima watu wanapeana katika giza la foleni ambayo hata nyumbani hatupeani kila siku.

Kisha mpishi akainamia ndoo, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti iliyochoka, "Ndugu zangu, viazi vimebaki sahani nne."

Mbele ya mwanangu kulikuwa na watu watano. Hakuna aliyetukana. Watu walisimama tu, wakiwa hawajui waondoke au wangoje muujiza. Wifi akakumbusha yaliyotokea Kenya mwanzoni mwa 2022, KFC ilipoishiwa chipsi kwa sababu viazi vyao vilikuwa vinaagizwa nje na meli zilichelewa, wakati wakulima wa Nyandarua wana viazi vimejaa shambani. Wakenya walikasirika mno, na kampuni ikalazimika kuahidi kutafuta viazi vya ndani. Mimi nasimama na Wakenya katika hilo. Mtu anayekupenda hadi anakupangia foleni anastahili kulishwa na kile kinachoota jirani yake.

Huenda mama mkwe aliwaza hivyo hivyo, kwa maana alimuuliza mpishi, "Mafuta unayo?"

"Mafuta yapo, bibi."

"Mkaa?"

"Upo."

Akanigeukia. "Ule mkungu wa pili uko wapi?"

Ulikuwa jikoni, haujaguswa. Bodaboda, kabla hajaombwa, alikuwa ameshawasha pikipiki. Mwanangu akapanda nyuma, wakaondoka, na waliporudi mwanangu alikuwa ameukumbatia mkungu wa mshare kifuani, nguo zote zimeingia utomvu. Tukaomba visu. Dada wa Pasua alimenya, binti wa ndala alimenya, mwalimu mstaafu alikata vipande vyembamba kwa mshazari na kuvitupa kwenye maji ya chumvi visiwe vyeusi. Mpishi alijaribu kipande kimoja kwanza. Akakigeuza, akakitoa, akakivunja ili aone ndani, akakila akiwa amefumba macho. Akaongeza mkaa.

Ndizi mbichi hazikaangwi kama viazi, na aliligundua hilo kwenye karai la pili. Karai la tatu lilitoka la rangi ya dhahabu, kavu nje, laini ndani. Akazitandaza kwenye kikaango, akazungusha yai kutoka pembeni kuja katikati kama kawaida yake, akangoja liachie. Wazee wa foleni, wale waliokulia kihambani, walipoonja walitazamana. Mmoja akamwambia mama mkwe, "Aika," yaani asante kwa Kichagga, naye akaitikia bila kugeuka, kwa kuwa alikuwa anasimamia kachumbari.

Tulikula hapo hapo, wengi tumesimama, kwa vijiti, saa tano ya usiku imekaribia. Sehemu ya shangazi na watoto waliolala tuliifunga kwenye foili. Beberu tulimkuta amelala mlangoni, amechoka kwa ushujaa wake.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa malipo. Mpishi alikataa kabisa kupokea fedha yetu, akasema ndizi ni zetu. Mama mkwe akasema mafuta, mkaa, mayai na mikono ni vyake. Mpishi akasema basi atatulipa sisi mkungu, maana watu wote wa nyuma walikula ndizi na wamemlipa yeye. Mama mkwe akataja bei ya mkungu. Mpishi akasema ni ndogo mno, sokoni Mbuyuni Desemba hii haupati kwa bei hiyo. Walibishana kila mmoja akimtetea mwenzake, na bodaboda akiwa mwamuzi, mpaka wakafikia shilingi ambazo zilitosha chipsi zetu zote na zikabaki za kujaza gesi. Mama mkwe alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la kanga, akamuuliza kijana kama tarehe 30 atakuwa kazini, kwa sababu siku hiyo anashuka tena kuwasindikiza wageni na kule Kibosho kuna mikungu mitatu iliyokwisha komaa.

"Nipo, bibi," akasema. "Leta mapema tu, nizimenye kabla watu hawajaja."