Shilingi 24 za Nani?

Sanduku la kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hapa Base Camp, Nakivale, lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wasioaminiana hata kwa chumvi. Kuliibia ni kazi. Kisha wafadhili wakatuletea fomu ya ripoti katika programu ya kuandikia barua, yenye jedwali linalojijumlisha lenyewe.

Siku ya kusomewa hesabu, katibu akatangaza jumla: shilingi 412,024. Watu wakapiga makofi. Mama mtunza sanduku alikaa kimya, mikono imefungwa.

"Papa katibu, hizo ishirini na nne alizitoa nani? Sarafu ya shilingi nne, Uganda ya leo, umeiona wapi?"

Tukaanza kutazamana mifukoni.

Mkosaji alikuwa mwaka. Juu ya safu ya fedha katibu alikuwa ameandika 2024, na fomula ile, =SUM(ABOVE), haibagui kichwa cha safu na mchango wa mtu: tarakimu yoyote iliyo juu yake inaijumlisha. Mwaka ukawa mwanachama, tena mlipaji mzuri kuliko wengi wetu. Angeachwa hadi siku ya mgawo, angedai faida.

Katibu akaufuta. Jumla haikutikisika: 412,024. Ikabidi nipande taksi hadi Mbarara, nimebanwa kati ya gunia la mahindi na jogoo wa mtu, kwa kijana anayechapisha karatasi mjini. Akacheka, akaiwekea alama ile jumla, akabonyeza F9. Namba ikashuka hadi 410,000 bila hata kuomba radhi. Kumbe jedwali la namna hii halihesabu tena mpaka liamriwe.

Ningerudi hapo hapo, ila nilikuwa na kikaratasi cha waliochelewa kulipa, kimeandikwa na mwenzetu wa Bukavu. Nakivale inapokea watu tangu Wanyarwanda wa mwishoni mwa miaka ya 1950, na kila aliyefika alikuja na sufuria yake, dini yake na nukta yake. Aliyesoma Kongo huandika elfu tano hivi: 5.000. Kijana wa Mbarara, aliyezoea mkato, akanakili alichokiona. Mashine, iliyosoma shule moja naye, ikaiona nukta ya desimali. Watu watatu waliojinyima wiki nzima wakahesabiwa kuwa wametoa shilingi tano kila mmoja. Kwa pesa hiyo hupati hata pipi.

Niliporudi, Mama akafungua sanduku, akalamba kidole, akahesabu noti: 425,000. Katibu akaifuta fomula, akaandika jumla kwa mkono wake.

Wafadhili wamefurahi. Wanasema jedwali letu linajumlisha vizuri kuliko majedwali ya vikundi vingine vyote, na wanamwomba katibu akawafundishe wengine fomula hiyo Mbarara. Amekubali. Kuna nauli na chakula cha mchana.