Futi Nne za Shangazi

Ardhi ya Kibera kwa sehemu kubwa ni ya serikali, ukiondoa zile ekari 288 ambazo Wanubi walikabidhiwa hati yake mwaka 2017. Kwa hivyo mtu wa Gatwekera, mmoja wa mitaa yake, anayetaka kuongeza chumba hana hati ya kuonyesha wala ramani ya kupeleka popote. Ana majirani. Na majirani wa Gatwekera ni wakali kuliko ofisi yoyote ya mipango ya mji, maana ofisi angalau hufungwa jioni.

Shangazi yangu ana nyumba pale ya udongo na mabati, futi kumi kwa kumi. Mwaka jana binti yake alirudi nyumbani na watoto wawili na kabati. Watoto walienea. Kabati lilikataa. Shangazi akaamua kusogeza ukuta wa mbele futi nne, akaniita nisimamie kwa hoja kwamba nimesoma. Nimesomea uhasibu, lakini kwa shangazi shule ni shule.

Wazo langu la kwanza, tujenge kwa mawe, lilikufa kabla ya chai kupoa. "Mwanangu, 2018 ulikuwa wapi?" akaniuliza. Julai mwaka huo matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu aliowajua walitoka na walichoweza kubeba. Bati unaling'oa, unalibeba kichwani, unaenda kulipigilia kwingine. Jiwe unaliacha. Hilo somo halikuwa kwenye uhasibu.

Akafika mzee wa mtaa kukagua. Nilimtarajia na tepu ya kupimia. Alikuja na vijana wawili waliobeba kochi. Fundi akachora mstari chini kwa kisigino mahali ukuta mpya utakaposimama, na mzee akawaamuru vijana wapite na kochi katika nafasi iliyobaki ya kichochoro.

"Kochi likipita," akanieleza, "jeneza litapita. Jeneza likipita, jengeni."

Kochi lilikwama. Shangazi akalalamika kwamba yeye hana mpango wa kufa mwaka huu. Mzee akamjibu kwa upole kwamba hakuwa anamfikiria yeye, kuna watu wanaokaa huko nyuma. Kijana wa maji naye akatokea na mkokoteni umejaa mitungi, akataka kujua kama ataanza kupita juu ya paa. Baada ya mabishano ambamo hata waliokuwa wakipita njia walipiga kura, futi nne zikawa futi tatu kasoro. Nilikasirika siku ile. Leo nasema wazi kwamba sijaona ukaguzi wa ujenzi ulio bora kuliko ule.

Tukaenda kwenye mabati. Hapa kuna mtego ambamo kila mwenye haraka hunaswa: geji. Shangazi alisimama dukani akaambiwa kuna geji 28, 30 na 32, akanyoosha kidole kwenye 32 kwa furaha ya mtu anayechukua kubwa. Kumbe namba ikipanda, bati linapungua unene. Geji 32 ukiliegemea linakumbuka bega lako milele. Tukachukua 30. Halafu kuna hesabu. Fundi hupima kwa futi, duka huuza kwa mita. Bati la mita tatu ukililaza juu ya chumba cha futi kumi linapungukiwa kidogo, na hapo hujahesabu mteremko wala ukingo wa kutoa maji nje. Fundi aliniambia nisiwe na wasiwasi, "inakuja tu." Sijui ilikuwa inakuja kutoka wapi.

Kilichokuja ni mvua. Paa jipya linapokutana na la zamani, bati la juu lazima lilalie bati la chini, maji yateleze yaende zake. Ili ufanye hivyo unapaswa kung'oa misumari ya paa la zamani na kuingiza bati jipya chini yake. Kazi hiyo inachosha, na fundi alikuwa na mjengo mwingine Lindi, humo humo Kibera, saa nane. Akaliweka bati jipya juu. Usiku ule maji yote ya paa la zamani yaliteremka kwa utaratibu mzuri, yakafika kwenye kiungo, yakaingia ndani. Kabati, ambalo ndilo lililojengewa chumba, likaloa lote. Maji yaliyobaki yakadondoka mlangoni mwa jirani wa mkabala, naye alfajiri akabisha hodi akiwa na ndoo iliyojaa.

"Mama, mvua yako hii. Nimekuletea."

Shangazi akaipokea, maana maji yananunuliwa.

Mimi ninakaa Kawangware, upande wa Gatina. Huku ploti zina hati. Eneo letu la Dagoretti lilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu enzi za mkoloni, na familia nyingi zimerithishana. Utadhani basi mambo ni nafuu. Taabu ya hati ni kwamba mwenyewe haulizi mtu. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inadai kibali cha kaunti hata kwa nyongeza, lakini landlodi wetu aliona nafasi kando ya geti imekaa bure, akajenga chumba, akapaka rangi, na kabla rangi haijakauka kikapata mpangaji.

Nafasi ile haikuwa imekaa bure. Ndiyo iliyokuwa njia ya bomba la eksosta, lile lori la kunyonya vyoo.

Tuligundua choo kilipojaa, Jumapili mchana. Lori likaja, dereva akautazama ukuta mpya, akatuzunguka mara mbili, kisha akasimama mbele ya dirisha langu linalotazama barabara. Mlango wangu unafunguka uani, na choo kiko mwisho wa ua. Kijana wa watu alikuwa amepiga hesabu sahihi. Nilikuwa na mgeni wa heshima mezani, chapati bado moto, bomba lilipoingia dirishani, likapita kati ya meza na kitanda, likatokea mlangoni.

"Endeleeni kula," dereva akasema, akawasha mashine. Bomba likaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mgeni wangu aliomba ruhusa ya kwenda kupiga simu. Hajarudi.

Nilipodai kodi ipunguzwe, landlodi alinitazama kwa huruma. "Kijana, si limepita tu? Lingelala, ningekuelewa."

Sasa ameshusha mawe ya Ndarugo, anataka kupandisha ghorofa. Nimemsihi kitu kimoja: kabla fundi hajachimba msingi, amwite mwenye eksosta aje aonyeshe atakapopita. Nanyi wenye ploti wengine wa Gatina, nawaomba hivyo hivyo. Kumpata si kazi. Namba ya simu imeandikwa ubavuni mwa lori, kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote.