Nani Kala Umeme?

Yuniti ni kipimo cha umeme uliotumika: wati 1,000 zikifanya kazi kwa saa 1. Vitabu vya fizikia huiita kilowati-saa, lakini kwenye nyumba ya kupanga yenye mita moja jina hilo halina wenyewe. Huko yuniti hujulikana zaidi kwa kupotea. Zimenunuliwa juzi, leo alfajiri mita inalia, na wapangaji wanakusanyika uani na miswaki mdomoni kumtafuta aliyezila.

Mara nyingi anayehukumiwa siye. Sababu ni kwamba wati na yuniti huchukuliwa kuwa kitu kimoja. Wati hueleza kasi ambayo kifaa huvuta umeme kikiwashwa. Yuniti ni jumla ya kilichovutwa. Pasi ya wati 1,000 iliyolala kabatini mwezi mzima haijala kitu, na ikinyoosha nguo kwa nusu saa imekula nusu yuniti. Balbu ya LED ya wati 9 inapaswa kuwaka zaidi ya saa 110 ndipo imalize yuniti 1. Televisheni bapa ya wati 50 hudumu nayo saa 20, taarifa ya habari, mpira na tamthilia zikiwemo. Simu yenye betri ya miliampea-saa 5,000 yaweza kuchajiwa kutoka sifuri hadi ijae mara 40 hivi. Mpangaji anayesemwa kwa sababu ya kuchaji simu mbili ameonewa, na angekuwa na kalamu na karatasi angeshinda kesi.

Mlaji mkubwa ni joto. Kifaa chochote kinachochemsha, kinachokaanga au kinachonyoosha huvuta wati kwa maelfu, wakati kinachotoa mwanga au sauti huvuta kwa makumi. Kupasha maji ya ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 55 kwa koili kunahitaji takriban yuniti 0.7. Watu watatu wakioga maji ya moto asubuhi na jioni, yuniti 4 na ushei zimekwenda na povu. Koili ina sifa moja inayoiokoa na lawama: haina kelele, na hutumbukizwa ndooni saa kumi na moja alfajiri mlango ukiwa umefungwa. Feni ya wati 60, ambayo kila mtu anaisikia ikilalamika usiku na mchana, humaliza saa 24 ikiwa imekula yuniti 1.44. Katika kesi za uani, anayepiga kelele hufungwa na mkimya huachiwa.

Friji ina kesi yake. Wati zilizoandikwa nyuma yake si za muda wote, kwa sababu kompresa huwaka na kuzima kadiri ubaridi unavyohitajika. Friji nzima yenye mpira unaobana vizuri hula kwa adabu. Ile ambayo mpira wake umechoka, na ambayo watoto huifungua kila robo saa kuhakikisha soda haijazaliana, kompresa yake haipati hata nafasi ya kupumua.

Yuniti huingia nyumbani kwa tokeni, yaani namba yenye tarakimu 20 inayobonyezwa kwenye mita. Tanzania bara mfumo huo unaitwa LUKU, kifupi cha Lipa Umeme Kadri Utumiavyo; Zanzibar ni Tukuza, na Uganda ni Yaka. Tokeni hutengenezwa kwa ajili ya mita moja tu na hutumika mara moja tu. Ndiyo maana mpangaji aliyehama lakini simu yake bado imehifadhi namba ya mita ya zamani humnunulia umeme aliyerithi chumba chake, kisha hukaa gizani akibonyeza tarakimu 20 ambazo mita mpya inazikataa. Tena si pesa yote iliyolipwa inayogeuka yuniti. Kodi hukatwa kwanza, na Tanzania tangu mwaka 2021 hata kodi ya jengo hukatwa humohumo, jambo linalomfanya mpangaji kulipia kodi nyumba asiyoimiliki na kisha kumtafuta mwenye nyumba ili warudishiane, mazungumzo ambayo huwa marefu.

Volti na ampea hueleweka kwa tangi la maji lililo juu ya paa. Volti ni kimo cha tangi, yaani msukumo. Ampea ni wingi wa maji yanayopita bombani. Zikizidishwa zinatoa wati. Majina haya ni ya watu: Alessandro Volta wa Italia aliyetangaza betri yake mwaka 1800, André-Marie Ampère wa Ufaransa, na James Watt wa Uskoti, fundi wa injini za mvuke. Wote watatu walikuwa wamekwisha kufa kabla Edison hajaonyesha balbu yake mwaka 1879, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyewahi kuchangia umeme wa nyumba ya kupanga.

Volti za majumbani ni 230 Tanzania na 240 Kenya, kwa maandishi. Saa mbili usiku mtaa mzima ukiwasha majiko, msukumo unaofika nyumba za mwisho wa laini hushuka, na hapo watu husema umeme ni mdogo. Balbu ya zamani huwa nyekundu kama kaa la moto bila madhara. Injini ya friji ndiyo inayoumia: inashindwa kuzunguka, inanguruma palepale, huku ikivuta ampea nyingi kuliko kawaida mpaka waya zake zinaungua. Kuichomoa mpaka umeme urudi sawa ni nafuu kuliko fundi.

Ampea ndizo zinazochemsha waya. Plagi ya pini tatu za mraba, iliyowekewa viwango Uingereza mwaka 1947 na kuenea Afrika Mashariki, imekadiriwa ampea 13, ambazo kwa volti 230 ni karibu wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja zimeshavuka mpaka huo. Fyuzi iliyo ndani ya plagi ipo ili ikatike mapema kabla waya haujaungua. Kuna mafundi wa nyumbani wanaochukulia kifo chake kuwa kasoro, wakaweka mahali pake karatasi ya pakiti ya sigara au kipande cha msumari. Msumari haukatiki. Kinachokatika ni ekstensheni, pazia likifuatia.

Neno shoti hubeba mambo mawili. La kwanza ni waya wa moto kugusana na mwenzake, cheche zikatoka na breka ikajizima. La pili ni mtu kupigwa na umeme, mfano aliyechovya kidole ndooni kupima joto la maji koili ikiwa bado imewashwa. Fyuzi ya ampea 13 haimsaidii huyo hata kidogo, maana chini ya ampea 0.1 yaweza kuua. Kinachoweza kumwokoa ni breka ya umeme unaovuja, ambayo hukata kwenye ampea 0.03, na waya wa ardhi, unaopeleka umeme uliopotea udongoni badala ya mwilini. Waya huo huingilia kwenye pini ile ndefu ya juu. Urefu wake ni wa makusudi: pini hiyo inatangulia kuingia na kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Wenye chaja za pini mbili wamegundua kwamba kalamu hufanya kazi hiyohiyo, na soketi nyingi zinaishi na mfuniko wa kalamu uliokatikia humo.

Mwisho ni zawadi kutoka Marekani. Huko majumbani ni volti 120. Kikaangio cha huko kikichomekwa Dar es Salaam hupokea karibu mara mbili ya msukumo wake, na nguvu zake hupanda karibu mara nne. Mayai huiva upesi, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Chaja iliyoandikwa 100–240 V haina tatizo popote. Kilichoandikwa 120 V peke yake kinahitaji transfoma inayobeba wati zake, kwani transfoma ya wati 100 ikipewa blenda ya wati 600 itaungua yenyewe na juisi itasubiri. Herzi nazo, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, ni 60 kule na 50 huku, na transfoma haizigusi. Saa ya mezani inayohesabu muda kwa kufuata mapigo hayo itachelewa dakika 10 kila saa 1, hata ikichomekwa kwa uangalifu wa namna gani.