Tumbo Langu Lina Wenyewe

Kiswahili kimejaliwa majina ya viatu vya kukokota: ndara, malapa, kandambili, champali, sapatu. Nilipokuwa Tanga nilidhani ni mbwembwe za watu wa pwani. Kumbe tulikuwa tunajiandaa kwenda Taiwan. Katika nyumba niliyofikia Taipei, mwaka niliokwenda kusoma Kichina, kulikuwa na ndara za sebuleni, malapa ya chooni na kandambili za roshani ya kuanikia nguo, na ole wako ukanyage sebule na malapa ya chooni. Zote saizi 40. Mimi navaa 45. Miezi kumi nilitembea visigino vikining'inia nje, kama mtu anayenyatia mboga jikoni.

Baba mwenye nyumba nilimwita Shushu, mkewe Ayi, yaani baba mdogo na mama mdogo; hapo sikuona ugeni. Lakini mwenye nyumba hasa alikuwa bibi, A-ma. Nilikuwa nimesota na Kichina miezi sita, nikafika kifua mbele, na A-ma akanifungulia mdomo kwa Kitaiwani, lugha nyingine kabisa. "Jia pa bue?" Nikapekua daftari. Halimo.

Maana yake: umekula ukashiba? Nayo ni salamu tu. Sisi tuliozoea kujibu "sijambo" huku malaria imetupanda kichwani tungepaswa kuelewa haraka. Mimi nikajibu kwa uaminifu: bado. Nikaletewa uji wa mchele, mayai, maziwa ya soya na andazi refu kama rula lisilo na sukari. Kesho yake nikajibu nimeshiba. Nikaletewa vilevile.

Ugomvi wetu hasa ulikuwa maji. Julai ya Taipei inapita nyuzi 35, joto la kunata, shati linakushika mgongoni kama mdai. Friji ilikuwa kubwa kuliko kabati langu la nguo, na ndani yake hamkuwa na tone la maji ya kunywa. Maji yalikuwa kwenye mtungi wa umeme, ya moto au ya uvuguvugu, chagua. Maji baridi, alisema A-ma, yanaliumiza tumbo. Tumbo la nani? Langu! Lakini alilizungumzia kama shamba la ukoo.

Kichwa nacho kilikuwa chake. Usiku mmoja nilitoka kuoga, nywele zangu zina urefu wa punje ya mchele, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki akawasha mashine ya kukaushia. Ukilala na kichwa kibichi, ukizeeka kitakuuma. Nikakaushwa pale kama dagaa, Shushu akitazama taarifa ya habari bila hata kugeuka.

Halafu taka. Jioni ya kwanza nilisikia muziki wa Beethoven, ule wa "Für Elise", unakuja barabarani kwa kipaza sauti. Masikio yangu ya Tanga yakasema aiskrimu. Nikatafuta sarafu. A-ma akanitwisha mifuko miwili na ndoo, akanisukuma mlangoni. Lilikuwa gari la taka, na Taipei hutupi taka kwenye pipa la mtaani ukaenda zako. Unasimama na mfuko wako mpaka gari lifike, siku tano kwa wiki, Jumatano na Jumapili hakuna. Mfuko wenyewe ni wa bluu, wa serikali, unaununua, na bei yake ndiyo ada ya taka tangu mwaka 2000. Kwa hiyo watu wanabana. Nimeona mama mzima anakandamiza mfuko kwa goti ili aongeze taka zaidi.

Kwenye gari kulikuwa na mapipa mawili ya mabaki ya chakula: vilivyopikwa vilikuwa vya nguruwe, vibichi vilikuwa vya mbolea. Nikamwaga maganda ya mapera juu ya wali. Mtaa mzima ukanyamaza. Beethoven peke yake ndiye aliyeendelea. A-ma akachukua koleo la mkaa, akaanza kuchomoa ganda mojamoja, akinieleza jambo kwa Kitaiwani ambalo mpaka leo nashukuru sikulielewa.

Na ule ugomvi wa maji? Nikawa nachepuka. Duka la kona lilikuwa wazi usiku kucha. Nanunua maji ya barafu, nakunywa nimesimama mlangoni, chupa natupa hukohuko. Ushahidi hakuna, nilidhani. Nilisahau risiti.

Kwetu Tanzania watoza kodi wa TRA wanatuimbia tudai risiti mpaka koo linawakauka. Taiwan walimaliza ubishi huo mwaka 1951: kila risiti ina namba ya bahati nasibu, na siku hizi inachezeshwa kila baada ya miezi miwili, tarehe 25. A-ma alikuwa na kopo la biskuti la kutunzia risiti, na suruali zangu zilipekuliwa kabla ya kufuliwa. Tarehe 25 ya Septemba akavaa miwani, akapiga kelele: tarakimu tatu za mwisho! Dola 200 za Taiwan! Nami nikaruka, ndara ikanichomoka. Ndipo akashusha macho kwenye orodha ya bidhaa. Maji baridi. Maji baridi. Barafu.

Hakusema neno. Jioni iliyofuata, kwenye foleni ya taka, akina mama watatu nisiowajua waliniuliza tumbo linaendeleaje.